Namna ya kufanya wanafunzi wapendekezeane vitabu mpaka wavigombanie

Mbukwenyi wandugu, ndo salamu yetu ya Kigogo hiyo. Mimi nafundisha Kiswahili shule ya kata huku Dodoma, ukitoka mjini unashika barabara ya Chamwino alafu unaacha lami unakula vumbi kama nusu saa hivi na bodaboda. Naandika hii kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi pia, maana mwanafunzi anaweza kuianzisha mwenyewe bila kusubiri mwalimu, na ntaeleza mwanzo mpaka mwisho jinsi tunavyofanya sisi mpaka watoto wamefika mahali wanagombania kitabu cha hadithi kama wanavyogombania ukoko wa wali siku ya mahafali.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Mtoto hasomi kitabu kwa sababu mwalimu kasema ni kizuri. Nimesema miaka mitatu mimi, mstarini nimesema, darasani nimesema, kikao cha wazazi nimesema, na vitabu vikabaki stoo na vumbi lake. Alafu siku moja kipindi kimebaki dakika tano hivi, nikamwambia binti mmoja wa kidato cha tatu asimame atusimulie kidogo kuhusu Takadini ambayo nilimuona anaisoma wakati wa mapumziko. Akasimama kakishika kitabu kwa mikono miwili, kava lilikuwa limeng'oka akalishona na uzi mweusi, akasema hivi: "Huyu mama Sekai kakaa miaka hapati mtoto, amekuja kumpata, mtoto kazaliwa ana ualbino, na kwao huko mtoto wa hivyo hawamuachi aishi. Mi nilivyofika pale anapotoroka na mtoto nikafunga kitabu, nikaenda chumbani kumuangalia mdogo wangu kama amelala, alafu ndo nikarudi kuendelea." Akakaa. Dhamira hakusema, ujumbe hakusema, hata jina la mwandishi alilisahau. Jioni ile nikakuta watoto wanne nje ya ofisi wanataka kitabu kimoja, na mmoja wao ni kijana ambaye tangu aje kidato cha kwanza sijawahi kumuona kashika kitu cha kusoma zaidi ya daftari la hesabu.

Haya yote ya hapa chini yametokana na zile dakika mbili.

HATUA YA 1: Vitabu viwepo kabla ya maneno

Usianze kupendekeza vitabu ambavyo havipo. Hii ni muhimu sana na wengi wanakosea hapa hapa. Mtoto akisikia hadithi tamu alafu akaambiwa kitabu kiko Dar, ile hamu inakufa na wiki ijayo hatasikiliza tena. Bora uwe na vitabu vitano vinavyoshikika kuliko orodha ya vitabu mia.

Vitano hivyo vinapatikana wapi? Anzia stoo ya shule. Nakuambia kweli, shule nyingi zina maboksi ya vitabu yamefungwa stoo, vimepigwa muhuri, vimeandikwa kwenye leja, na vinaogopwa kutolewa kwa sababu vikipotea kuna mtu ataulizwa. Nenda kwa mkuu wa shule na karatasi ya majina ya vitabu unavyoomba, saini wewe mwenyewe kwamba utavisimamia, chukua vichache tu. Mimi nilipewa kumi na mbili mara ya kwanza, vingi ni vile vilivyokuwa kwenye orodha ya fasihi miaka ya nyuma. Alafu waulize walimu wenzako, kila mwalimu ana kitabu kimoja viwili nyumbani. Waliomaliza kidato cha nne nao wanavyo, vimelala uvunguni. Kama uko karibu na mjini kuna maktaba ya mkoa, ile iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, nenda ukaulize utaratibu wa shule kuazima, usiende na dhana kwamba watakukatalia.

Vitabu vya watoto wadogo usivikatae. Kidato cha kwanza wengi wametoka shule ya msingi wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, wanafika huku masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, na mwezi wa kwanza mpaka wa tatu wanatembea kama mtu aliyeshushwa stendi asiyoijua. Mtoto wa hivyo ukimpa riwaya nene ya Kiingereza umemfukuza. Mpe kijitabu cha kurasa thelathini chenye picha, cha Kiswahili, akimalize jioni moja, apate ile raha ya kusema "nimemaliza". Vya Kiingereza vitafuata, vyepesi kwanza.

Na vumbi. Anayeishi Dodoma anajua, kuanzia mwezi wa sita upepo unavuma mpaka kwenye sahani kuna mchanga. Valisha kila kitabu kava la nailoni, ile ya kuvalishia madaftari, kata na mkasi bandika kwa solatepu upande wa ndani, na uviweke kwenye sanduku la bati lenye mfuniko, lile la wanafunzi wa bweni. Rafu ya wazi hapa kwetu ni kuua vitabu.

HATUA YA 2: Waondoe kwenye uhakiki

Hii ndo hatua ngumu kuliko zote na nitakaa hapa kidogo.

Ukimwambia mwanafunzi wa Tanzania "tuambie kuhusu kitabu ulichosoma" atakupa kitu hiki, nakiandika kama nilivyokisikia: "Kitabu changu kinaitwa fulani, kimeandikwa na fulani, dhamira kuu ni ukombozi wa mwanamke, dhamira ndogondogo ni mapenzi, rushwa na umaskini, mwandishi ametumia lugha nyepesi, na ujumbe ni kwamba tusiwe na tamaa." Darasa zima limelala. Na sio kosa lake, ndivyo tulivyomfundisha, mtihani unataka hivyo na mimi mwenyewe nikitoka hapo naingia darasani kuwafundisha fani na maudhui. Lakini uhakiki ni wa mtu aliyekwisha kusoma. Anayepewa uhakiki kabla ya kusoma ni kama mtu kaonyeshwa mifupa akaambiwa jana hapa kulikuwa na nyama choma.

Kwa hiyo mi nimeweka sheria, ukisimama kupendekeza kitabu neno dhamira halitamkwi. Wala ujumbe. Wala "mwandishi amefaulu". Badala yake nawapa maswali matatu na wanajibu lolote kati ya hayo, hata moja tu linatosha.

La kwanza, ulifika wapi ukashindwa kukiweka chini? Sio kusimulia kitabu chote, ni pale tu. Yule binti wa Takadini alijibu swali hili bila kuulizwa.

La pili, nani humo ndani ungependa kumkamata mkono umwambie kitu, na ungemwambia nini? Hili wavulana wanalipenda sana. Kuna mmoja alisema kuhusu yule mtoto Yusuf kwenye Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyepata Nobel 2021, ile iliyotafsiriwa Kiswahili, akasema "ningemwambia Yusuf huyo anayemuita mjomba sio mjomba, baba yako anadaiwa na wewe ndo malipo." Sentensi moja tu. Darasa likanyamaza, maana wapo watoto mle ndani ambao wameletwa mjini kwa "shangazi" wakakuta kazi za ndani, na kila mtu alielewa.

La tatu, humu darasani nani kitamfaa na kwa nini? Hapa ndo kuna dawa yenyewe. Kitabu kikitangazwa kwa watu arobaini kila mmoja anajua kuna thelathini na tisa wengine watakisoma, anakaa kimya. Lakini ukisema "hiki namchagulia Neema kwa sababu anapenda ugomvi wa mawifi", wote wanacheka na Neema hana pa kukwepea, na kimoyomoyo amefurahi kwamba kuna mtu amemfikiria. Angalia tu asichaguliwe mtu kwa dharau, kwa mfano "hiki cha ulevi namchagulia fulani sababu baba yake..." hapo kata mara moja na ongea na huyo mtoto pembeni baadaye.

Waelekeze pia wasimalize hadithi. Wanapenda kumaliza, hasa wasichana, anaanza vizuri alafu utamu unamzidi anasema "mwisho akafa". Tuliweka utaratibu kwamba ukikaribia kutoboa siri, wasikilizaji wanapiga kofi moja, unaacha hapo hapo. Wanalipenda hilo kofi mpaka mwingine anasogea makusudi kwenye siri ili apigiwe.

HATUA YA 3: Ijumaa chini ya mwarobaini

Chagua siku moja ya wiki, muda mfupi, mahali pamoja, na usibadilishe. Sisi ni Ijumaa baada ya usafi, dakika kumi na tano, chini ya mwarobaini ulio nyuma ya jiko. Nje ni bora kuliko darasani kwa sababu darasani mtoto anakuwa mwanafunzi, chini ya mti anakuwa mtu anayepiga stori. Kaeni duara, na mwalimu ukae chini pia kwenye jiwe au ndoo, usisimame na fimbo mgongoni.

Watu wawili tu kwa wiki. Kila mmoja dakika tatu, akizidi sana tano. Nilianza kwa kuwapa darasa zima zamu siku moja, ikawa kama kuita majina kwenye rejista, mtu wa kumi na tano hakuna anayemsikia. Wawili wanatosha na wanajiandaa. Muda unaobaki ni wa maswali, na maswali ndo yanauza kitabu: "huyo mwanaume alirudi?" "ni kinene?" "kina Kiingereza kigumu?" Mwache msomaji ajibu mwenyewe. Ukiona mtu kakariri maneno ya nyuma ya kava, na utamjua tu kwa sababu sentensi zake zimenyooka mno, muulize kitu kidogo kama "alikuwa anaishi na nani?" Akibabaika usimuaibishe, mwambie atarudi wiki ijayo akiwa amefika mbali zaidi.

Ambaye hajamaliza kitabu naye aongee. Aseme "nimefika ukurasa wa arobaini na mpaka sahivi simuelewi huyu baba". Mara nyingi huyu ndo anavutia zaidi sababu na yeye hajui mwisho, na wakubwa zake waliokisoma wanaanza kutabasamu wanaangaliana, basi wengine roho zinawauma.

Na ambaye hakukipenda aongee vilevile. Walimu wengi hapa wananibishia, wanaona ni kuvunja moyo wengine. Mi naona ni kinyume kabisa. Tuna kijana alisema waziwazi mbele yangu "hiki kitabu mwalimu ulichonipa kinachosha, huyu mtu anaongea na nafsi yake kurasa kumi, ng'ombe mpaka wamekufa yeye bado anawaza." Nilimshukuru. Mwezi uliofuata alipokuja akasema kitabu fulani ni kitamu, wote walimwamini kwa sababu wanajua huyu hasifii ovyo. Neno la mtu anayesifia kila kitu halina bei.

Kuhusu lugha. Shule nyingi za sekondari zina ile sheria ya kuongea Kiingereza tu, na baadhi mtoto anavishwa kitu shingoni akikutwa anaongea Kiswahili. Kaa na mkuu wako muelewane kwamba zile dakika kumi na tano ziko huru. Kwetu mtoto akinogewa anachomekea na Kigogo, na wale wasio Wagogo wanauliza maana yake, hadithi inazidi kukolea. Tunafungua kwa "mbukwenyi" na wote wanaitikia hata yule wa kutoka Moshi. Mtoto mwenye haya kwa Kiswahili cha darasani nimemuona akigeuka mtu mwingine kabisa anapoanza na lugha ya bibi yake.

Na kwa kuwa tumegusa hilo, kuna kitu ukiwaambia watoto wa huku wanainua vichwa. Zile ngonjera wanazoghani kwenye mahafali na sherehe za kitaifa, jina linalotajwa zaidi katika kuzianzisha na kuzieneza ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa hapa hapa Dodoma, mshairi mkubwa aliyefariki 1969. Alizitungia na vitabu kabisa. Watoto wangu walidhani vitabu vinaandikwa na watu wa pwani na Wazungu. Nilipowaambia kulikuwa na mtu wa kwao, anayekula mlenda na ugali wa uwele kama wao, na aliandika pia historia na mila za Wagogo, mmoja aliuliza kama ukoo wake bado upo tukamsalimie.

HATUA YA 4: Kikaratasi ndani ya kava

Maneno ya Ijumaa yanapeperuka, kwa hiyo yaandikwe. Chukua manila, kata vipande vya upana wa vidole vitatu na urefu wa kitabu, bandika kimoja ndani ya kava la mbele kwa gundi upande mmoja tu ili kifunguke. Kila anayemaliza anaandika mstari mmoja na kidato chake. Mstari mmoja jamani, msiwape nafasi ya insha.

Nina kimoja hapa mezani kimejaa pande zote mbili, kina wino wa rangi nne na doa la mafuta ya taa. Wa kwanza kaandika, "Ukurasa wa 20 wa kuboa vumilia." Chini yake, mwandiko wa kulala kushoto, "Kweli nimevumilia na ni kweli." Wa tatu, "Nimelia kwenye daladala ya Nanenane konda akaniuliza nimefiwa." Wa nne, "Msisome usiku kama mnalala peke yenu." Wa tano kachora tu jicho. Mtoto anayefungua kitabu hiki hahitaji mwalimu.

Majina kamili yasiandikwe, kidato na mkondo vinatosha, kwa sababu mwingine anaandika kitu cha moyoni na hataki kesho ataniwe.

HATUA YA 5: Kuazimisha

Nunua kauntabuku moja. Chora nafasi nne: kitabu, aliyechukua, aliyempendekezea, tarehe ya kurudisha. Hiyo ya tatu usiisahau. Aliyependekeza anakuwa kama mdhamini, anamfuata mwenzake "umefika wapi? umefika pale kwenye kisima?" na hii inafanya kazi kuliko mwalimu kudai vitabu mstarini. Monita wa vitabu awe mwanafunzi, na awe yule mpole anayejua kila mtu anakaa wapi, sio lazima yule anayeongoza darasani.

Siku saba kwa kitabu chembamba, kumi na nne kwa kinene. Masika usiwabane. Kuanzia mwezi wa kwanza mvua zikichanganya watoto wa huku wanashinda shambani palizi ya mtama na karanga, wanarudi giza limeingia, ukidai kitabu kwa siku saba unamuonea.

Na kupotea. Hapa nilikosea vibaya sana na nisingependa mwingine arudie. Mwaka wa kwanza kitabu kimoja kilipotea, nikatangaza anayepoteza analipa. Yule mtoto alilipa, sijui mama yake aliuza nini, na baada ya hapo kauntabuku ikakaa wiki sita bila jina jipya hata moja. Wale ambao hawana uwezo wa kulipa ndo waliacha kabisa kuchukua, na ndo hao hao ambao nyumbani hawana kitabu chochote. Nikafuta ile sheria mbele yao, nikasema nimekosea. Sasa hivi kikipotea mtu analeta chochote cha kusomeka badala yake, hata gazeti la zamani, hata kitabu cha dada yake cha msingi, na kama hana basi anakaa na monita wiki moja kuvalisha nailoni. Tangu hapo vilivyopotea ni viwili, na kimoja kilirudi baada ya miezi mitano kimevimba kwa maji na kinanuka moshi. Nilipomuuliza kijana kilikuwa wapi akasema babu yake alikuwa hajamaliza kusomewa. Walikuwa wanasoma jikoni, kurasa mbili kila usiku kwa taa ya sola, na babu alikuwa akisinzia anadai kesho warudie. Mi nilitaka kugomba nikakosa neno. Kile kitabu mpaka leo kurasa zake za mwisho zina rangi ya chai na watoto ndo wanakipenda zaidi, wanakiita cha babu.

HATUA YA 6: Mzazi au mwalimu akija juu

Atakuja. Kuna siku mzazi atakuta binti yake anasoma sehemu ya mapenzi na atakuja shuleni kavuta mdomo. Msikilize, mpe kiti na maji. Alafu uwe umekisoma kitabu mwenyewe, maana ukisema "sijakisoma" umeshapotea. Mi nina kanuni, hakuna kitabu kinaingia kwenye sanduku sijakimaliza, na vingine nimevitenga kwa kidato cha tatu na nne tu.

Ukitaka mfano wa kumueleza, kuna Rosa Mistika ya Kezilahabi. Ilitoka 1971 na ilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu ilisema wazi mambo ya wasichana na wanaume waliokuwa wanawaharibu, wakiwemo watu wazima wenye heshima zao. Baadaye ikaruhusiwa ikasomwa na kufundishwa. Mzazi mmoja nilimueleza hivyo akauliza "kwani huyo Rosa alilelewaje?" nikamwambia baba yake alikuwa mkali mno, alimbana, akamchapa, na alipotoka nje ya macho ya baba ndo akapotea. Yule mama alikaa kimya alafu akaomba akisome yeye kwanza. Akakirudisha baada ya wiki mbili mikononi mwa binti, hakuniambia kitu, na binti naye hakuniambia ila kwenye kikaratasi kuna mstari umeandikwa "Nimesoma na mama."

Kwa mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma atakayesema mnapoteza muda wa mtihani wa taifa, usibishane sana. Chukua majibu ya swali la fasihi ya mtoto aliyesoma kitabu kizima na ya yule aliyekariri notsi, yaweke sambamba mezani kwake. Aliyesoma anatoa mfano wake mwenyewe, anajua nani alimwambia nani na wapi, waliokariri wote wana mfano ule ule mmoja na wamekosea jina la mhusika sehemu ile ile.

KAMA HAKUNA MWALIMU

Mwanafunzi unayesoma hii na shuleni kwenu hamna kitu kama hiki, usisubiri. Kisome kitabu chako mahali watu wanakuona, kwenye foleni ya bomba, kituoni, kwenye kivuli cha dirisha la darasa. Akikuuliza mtu unasoma nini usimpe jina la kitabu, msomee nusu ukurasa kwa sauti alafu funga. Mchague mtu mmoja, sio kundi. Mpe siku ile ile akiwa bado na hamu, na umwambie lini unakitaka. Akishamaliza muulize nani anafuata, na hapo mshakuwa watatu.

Bweni ni rahisi zaidi, kuna ule muda kati ya prepu na kuzima taa. Wa vyuo kama nyie wa UDOM mna simu, basi voisi nouti ya dakika moja kwa rafiki mmoja inafanya kazi kuliko kupiga picha ya kava ukaweka stetasi. Sema tu pale uliposhindwa kukiweka chini.

HATUA YA 7: Likizo

Wiki ya mwisho ya muhula sanduku linafunguliwa lote, na hapa utaratibu unageuka. Hakuna anayejichagulia. Kila mtoto anamchagulia mwenzake kitabu kimoja cha kwenda nacho nyumbani, anakifunga kwa gazeti, juu anaandika jina la mwenzake na sababu moja. Mpangie nani anamchagulia nani mapema, wiki mbili kabla, ili apate muda wa kumchunguza mwenzie anapenda nini, na angalia wale wasiokuwa na marafiki wapate mtu makini. Tulikuwa na mtoto mmoja kahamia kutoka Kondoa katikati ya mwaka, haongei na mtu, na aliyepangiwa kumchagulia alikuja ofisini mara tatu kubadilisha kitabu. Mwishowe juu ya gazeti aliandika, "Huyu ndani naye alihamia, ila ukurasa wa 51 anapata rafiki."

Vitabu ambavyo havitoshi vigawe kwa wawili wanaokaa kijiji kimoja, nusu likizo huyu nusu yule. Monita aandike majina yote kwenye kauntabuku kabla hawajatoka getini, na Jumatatu ya kufungua shule sanduku liwe nje chini ya mti kabla ya mstari wa asubuhi, kwa sababu kuna watoto watakuja wamekimbia wanataka kumtafuta aliyewachagulia wamuulize kwa nini mwisho wake uko vile.